Tulivyopima Amplifaya kwa Korosho

Vijana wangu, kila mnaponikuta Chikongola nikitoka sokoni mnaniuliza swali lile lile: "Babu Kosmasi, amplifaya ipi kali?" Mnauliza huku mkininyooshea simu yenye picha, utadhani sauti inatazamwa. Nami huwajibu kwa mkato kwa sababu jua linaniwakia utosini. Leo nimekaa barazani, chai ipo, muhogo wa kuchemsha upo, sina pa kukimbilia. Nitawajibu kwa kirefu. Ila mtanivumilia nikichepuka, maana siku hizi habari za amplifaya zikianza tu, zinanipeleka moja kwa moja kwa mke wangu.

Mimi ni Mngoni wa Songea. Nilikuja Mtwara mtu mzima tayari, fundi umeme wa bandarini, nikijiona najua kila kitu kinachopitiwa na waya. Jumamosi mchana nikitoka kazini nilikuwa napita kwa Fundi Hashim, Mmakua mmoja mrefu mwenye kofia ya kiua na ulimi mkali, aliyekuwa akitengeneza redio, tepu na amplifaya. Wateja wake hawakuwa wa mchezo. Mabaharia walimletea mitambo ya Ulaya na Ujapani, mapadri walimletea, na wenye mashamba ya korosho wakishauza walikuja kutafuta muziki mzito wa kutikisa mtaa. Baadaye niliacha kazi ya bandari nikahamia kwake jumla, na baba yangu kule Songea akaninunia.

Mara ya kwanza kunipima, Fundi Hashim aliunganisha amplifaya mbili kwenye spika zile zile, akazifunika kwa kanga ili macho yasipige kura. Akanipigia kipande cha muziki kwa ile ya kwanza, kisha kwa ya pili. Sikusita. Nikasema ya pili ndiyo yenyewe: besi nene, sauti wazi, waimbaji wamekaa mbele. Nikamwaga maneno kama dalali wa mnada. Yeye akachezea bisibisi yake.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza, fundi."

"Basi umesifia kidole changu. Ya pili nimeipandisha sauti kidogo tu. Haya, funua kanga."

Nikafunua. Zilikuwa pacha, za kiwanda kimoja na toleo moja. Fundi Hashim akaagiza kahawa, akaniacha nikae na aibu yangu mpaka kikombe kikaisha.

Kwa hiyo hilo la kwanza. Sikio lina uchu. Ukiliongezea sauti kidogo linadhani limeongezewa ubora. Kabla hujalinganisha mitambo, chomeka mita kwenye nyaya za spika, piga mlio mmoja usiobadilika, usawazishe amplifaya zote mpaka mshale usimame mahali pamoja. Hapo ndipo uanze kusikiliza. Nawaona mnavyolinganisha siku hizi: huyu anapiga yake mpaka paa linalia, mwenzake anamjibu kwa kuongeza zaidi. Hayo ni mashindano ya majogoo.

La pili, ziache zipate joto. Hata hizi za kisasa za transista, msidhani ni zile za kale za taa peke yake. Na pimeni asubuhi. Umeme wa jioni, kila nyumba imewasha feni na pasi, unalegea, na mtambo unalegea nao. Mvua ikianza kupiga bati, fungeni kazi mkalale. Chumvi ya bahari nayo isiwadanganye: nusu ya amplifaya nilizoletewa kutoka Msimbati na upande wa Mnazi Bay hazikuwa na ugonjwa wowote, plagi tu zimeliwa na kutu. Ukizisugua kwa kitambaa na spiriti mwenye mali anadhani umefanya uganga. Na kabla hujawasha mtambo wa mtu, uinamishe uutikise. Mjusi anapenda joto la amplifaya kuliko mteja yeyote. Nimewahi kuzika mijusi mingi kuliko baadhi ya mashehe walivyozika watu, Mungu anisamehe.

Sasa, upime kwa sauti gani? Hapa ndipo wengi wenu mnapoharibu. Mnachukua wimbo mnaoupenda. Fundi Hashim alikuwa hataki hata kusikia. Alisema wimbo unaoupenda umo kichwani tayari. Mtambo ukiacha pengo, mapenzi yanalijaza, halafu unausifu mtambo kwa kazi uliyoifanya wewe. Yeye alikuwa na tepu yake, ile ya magurudumu mawili, aliyorekodi uani kwa shangazi yake, kijijini Mtawanya. Humo hakuna ngoma wala zeze. Ni wanawake wanabangua korosho. Zimeshachomwa, kila mmoja ana jiwe lake na kijiti chake kizito, wanapasua huku wanasengenya.

Mnacheka, lakini fikirini. Mtu wa Mtwara anaijua sauti ya korosho inayopasuka kabla hajajua kusema "mama". Na kila mbanguaji ana mkono wake: mmoja anagonga mara moja kavu, mwingine anagusa kwanza halafu anagonga, mwingine anaponda na kiini chake. Fundi Hashim alikuwa anawaita wanawake wale wale karakanani, anawakalisha wameipa spika mgongo, anapiga tepu, anauliza: "Huyo nani?" Mtambo mbovu ukiwa kazini, waligombana. Mtambo mzuri ukiwa kazini, walitaja jina moja kwa pamoja, tena kwa kuchekana. Basi. Amplifaya iliyotofautisha mkono wa huyu na wa yule ndiyo iliyofaulu, hata kama haikuwa tamu masikioni.

Mimi mgeni nilipigiwa tepu ile bila kuambiwa ni nini. Nikasikia ta, ta-ta, ta. Nikajua: kiungo kimelegea humu ndani, mtambo unakwaruza. Nikafungua amplifaya nzima. Nikapasha chuma, nikachoma upya risasi ya kuungia nyaya kila mahali palipoonekana pameparara, nikabadilisha hata vipande vilivyokuwa vizima. Mchana ukaisha. Nikaunganisha, nikawasha: ta, ta-ta, ta. Wanawake walikuwa wamefika, wamekaa kwenye mkeka wananitazama, na mmoja wao, binti mwembamba mwenye kitenge cha rangi ya ndimu, akanihurumia.

"Kaka fundi," akasema, "hizo korosho."

Walicheka mpaka shangazi wa Fundi Hashim akashika mbavu. Huyo binti alikuwa Adelina. Nilimpenda siku hiyo hiyo, sina haja ya kuzunguka.

Adelina alikuwa Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma. Mama yake aliwavusha mto yeye na mdogo wake Veronika wakati wa vita vya kwao, wakapokewa Mtawanya, wakaishi kwa kubangua korosho. Sikio lake sijaona mfano. Wenzake walipobishana yeye aliinamisha kichwa kidogo, akasema, "Huyo siyo Bi Somoe. Bi Somoe anapiga kwa hasira. Huyo ntu ana nkono mpole." Nao wakasikiliza tena wakakubali. Tulifunga ndoa kanisani, Fundi Hashim na kofia yake akakaa benchi la mbele, akasema ameniozesha kipimo cha karakana yake.

Alikuwa hatanii. Fundi Hashim alipofariki, karakana ikabaki kwangu, na Adelina ndiye aliyekuwa hakimu. Hakukaa chini kusikiliza hata siku moja. Alitoka jikoni na mikono yenye maji, akasimama mlangoni, akasikiliza kidogo, akatoa hukumu akarudi kwenye chungu chake. "Hiyo imemfunika ntu blanketi." Au: "Huyo anayeimba hana meno." Mimi na mita zangu nikaenda kutafuta, nikakuta kweli, sauti nyembamba zimepotea. Mtambo wa thamani ya kiwanja, uliofika na meli ukiwa umelazwa kwenye sanduku kama mtoto mchanga, ulisimamishwa mbele yake, naye akasema, "Mzuri, lakini unajisikiliza wenyewe." Namkumbuka. Namkumbuka akisimama pale mlangoni, na nikiwaambia kwamba karakana niliifunga kwa sababu ya uzee, nawadanganya. Niliifunga kwa sababu mlangoni hapakuwa na mtu.

Amani iliporudi kwao, mama yake na Veronika walivuka kurudi nyumbani. Adelina alibaki na mimi. Dada hao sauti zao zilifanana ajabu. Hata mimi mumewe, Adelina akiwa ng'ambo kuwatembelea na simu ikitoka huko, mara nyingi nilianza na maneno ya mke na mume, Veronika akaniacha nijichimbe kwanza ndipo aseme, "Shemeji, hapa siyo kwako." Tofauti yao ilikuwa ndogo na ilikaa mwishoni mwa neno. Adelina alimalizia neno na pumzi kidogo, kama anayepoza chai. Veronika alikata.

Kisha mama yao akaugua. Adelina akafunga kibegi, akaniambia atarudi korosho zikianza kuanguka, nikamsindikiza mpaka kivukoni Kilambo, akavuka. Yale machafuko ya ng'ambo yakaja baada ya hapo. Simu ikakata. Watu walianza kuvuka mto kuja huku na watoto mgongoni, na mimi na binti yetu Agnesi tulienda kuwauliza mmoja mmoja, tukawaeleza kitenge, kimo, jina la kijiji. Walitusikiliza kwa huruma. Hakuna aliyemwona. Korosho zikaanguka, zikauzwa, miti ikatoa maua tena.

Nilikuwa sitaki tena kusikia kitu kinachoitwa spika. Ni Agnesi aliyenisukuma. Mama Ngowi, yule mwalimu mkuu mstaafu wa Kichaga mwenye nyumba kule Shangani, alikuwa na amplifaya mbili za kifahari na nafasi ya moja. Ya kwanza ilikuwa ya taa, zile chupa za kioo zinazowaka ndani kama kaa la moto; aliachiwa na jirani yake mgeni wa mambo ya gesi alipomaliza mkataba akarudi kwao. Ya pili ilikuwa ya transista, nzito, kimya, haina urembo, aliyoletewa na mwanawe. Alitaka nimchagulie. "Nenda, baba," Agnesi akasema, "utaoza humu ndani."

Nikaenda. Asubuhi, kama kawaida yangu. Nikasugua plagi, nikasawazisha kwa mita, nikaziacha zipate joto. Mama Ngowi alikuwa ananitayarishia uji nilipomsikia Agnesi anaita tangu getini. Aliingia na kandambili mkononi na simu mkono wa pili. Ujumbe wa sauti. Ulitoka ng'ambo, ukapita kwa muuza samaki wa Kilambo, ukapita kwa binamu yake, umefika bila namba na bila jina, umeelekezwa tu kwa watu wa kwa Fundi Kosmasi.

Akaubonyeza. Sauti ya mwanamke, imebanwa kama anasema na kiganja mdomoni: "Sisi tupo. Tumefika, tumepokewa vizuri. Msihangaike. Simu ikipata chaji tutasema tena."

"Ni mama!" Agnesi akalia. "Baba, si ni mama?"

Nilitaka kusema ndiyo. Lakini spika ya simu inakula kingo zote za sauti, na watu hao wawili walitofautiana kwenye kingo. Mama Ngowi alikuwa amesimama na mwiko wa uji. "Mzee Kosmasi," akasema polepole, "mitambo miwili iko hapa imeshapata moto. Unangoja nini?"

Nikaunganisha simu kwenye ile ya taa. Chupa zilikuwa zinawaka vizuri. Ujumbe ukaanza, na vijana wangu, alikuwa Adelina. Alikuwa ndani ya chumba kile. "Tumefika," na ile pumzi yake. "Tumepokewa vizuri," na ile pumzi. Nilishika meza. Agnesi alipiga magoti kwenye zulia la watu akaanza kumshukuru Mungu kwa sauti, na Mama Ngowi akapiga kigelegele na mwiko mkononi, uji unadondoka.

Ningeishia hapo. Mwingine yeyote angeishia hapo, angerudi nyumbani akachinja kuku. Mkono wangu ndio uliokataa. Umezoea: ukishasikiliza moja, unahamisha waya, unasikiliza ya pili. Agnesi akaona ninachofanya.

"Baba, acha. Tumeshamjua."

"Mara moja tu, mama."

Nikahamisha. Maneno yale yale, yakatoka safi na makavu. "Tumefika." Limekatwa. "Vizuri." Limekatwa. Hakuna pumzi, hakuna chai. Chumbani alikuwamo Veronika.

Nikarudisha kwenye ya taa: Adelina. Nikahamisha: Veronika. Agnesi alikuwa ananivuta shati. "Irudishe ile, baba. Ile ndiyo nzuri." Na mimi nilitaka iwe hivyo kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Lakini najua kwa nini amplifaya ya taa inapendwa. Haiishiki spika kwa nguvu. Neno likiisha, spika inatikisika bado chembe moja, na taa zenyewe zina mvumo wake mwembamba wa daima. Inalitia kila neno mkia. Kwenye muziki ni raha tupu. Ile pumzi, mtambo ndio ulioipumua.

Nilikaa kwenye kiti. Mama Ngowi aliweka kikombe cha maji karibu nami akaondoka asinitazame. Sikuwa na hasira na ile ya taa. Nilikuwa na hasira na hii nyingine, na ukweli wake usioombwa. Nikaona basi, kama imeninyang'anya, niisikilize mpaka mwisho nione imebakiza nini. Nikapandisha sauti. Nikaupiga tena ujumbe, safari hii sikuyasikiliza maneno. Nilisikiliza nyuma yake.

Nyuma kulikuwa na ukuta, maana sauti ilirudi. Kulikuwa na kuku. Na baada ya "tutasema tena", kabla ujumbe haujakatika, mtu mwingine, karibu sana na anayesema, alivuta pumzi. Siyo ya usingizi wala ya kikohozi. Ni ile ya mtu aliyetaka kusema neno, akafungua mdomo, simu ikazimwa. Kwenye ya taa haikusikika kabisa, imezama kwenye mvumo. Kwenye hii ilisimama peke yake. Nikairudia mpaka Agnesi naye akaisikia.

"Ni yeye?" akaniuliza. Macho yake ni ya mama yake.

Vijana, nimewapima watu kwa kugonga korosho, lakini mtu anayevuta pumzi moja siwezi kumtaja jina. Anaweza kuwa bibi yake. Anaweza kuwa jirani. Nikamwambia nilichosikia, sikuongeza chembe: "Anayesema ni mama yako mdogo. Amesema sisi. Nyuma yake kuna mtu, mzima, na anataka kusema."

Mama Ngowi nilimwambia abaki na ile ya taa, atafurahi nayo maisha yake yote. Hii nyingine nikamwomba aniazime mpaka jibu lirudi. Akasema niichukue, na akambebesha Agnesi chupa ya uji.

Kabla hatujaondoka nikamwomba binti yangu anishikie simu. Nikaupa mgongo upepo wa baharini, nikasogeza mdomo karibu, kama nilivyowafundisha waimbaji wengi wa kwaya, nikasema taratibu ili yule muuza samaki, na yeyote atakayeupokea baada yake, aufikishe mzima:

"Veronika, shemeji, nimekusikia, tumemshukuru Mungu. Sasa mpe simu huyo aliye nyuma yako."